Kumi ya Panya, Kumi ya Mtoto

Gharama kwanza, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Jambo hili liligharimu paka watatu, jogoo mmoja wa kuazima, magunia sita ya papa wa Shihiri wakavu kama mbao, na sifa ya mzee wangu wa kazi, ambayo ilirudi baadaye ikiwa imechakaa kidogo pindoni. Nimehesabu mara mbili. Yuko paka wa nne pia, lakini huyo alikanyagwa na mkokoteni wa hamali pale mtaani Kibokoni, na mimi si mtu wa kuitwisha dawa mzigo usio wake.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya afya ya mji mmeniomba niwaandikie mambo ya enzi zetu. Mmenikuta nimestaafu, nina nafasi, na chai mnalipa nyinyi, kwa hivyo sikupata sababu ya kukataa. Ila mkitaka mambo ya darasani mmekosea mlango. Mimi nilikuwa mtu wa bomba. Nilibeba dawa mgongoni, nikapuliza kuta, nikateremka ngazi za watu kinyumenyume nisiguse mitungi yao. Watu wa Mji wa Kale wa Mombasa walituita watu wa mbu, kana kwamba tuliwafuga.

Kazi yenyewe ilianzia mlangoni. Mzee Kombo, mkubwa wa kikosi chetu, alinifundisha mlango muda mrefu kabla hajanikabidhi bomba. Nyumba ya Kibokoni huingii kama dukani. Unapiga hodi, unarudi nyuma kidogo, unaelekeza uso barabarani. Ukiulizwa nani, husemi "serikali" hata siku moja. Unataja jina lako na jina la mtu wa mtaa anayekujua. Kisha mnaamkuana mpaka salamu ziishe zenyewe: wa nyumbani, aliye mgonjwa, aliye safarini, aliyejifungua. Vijana wengi waliona huko ni kupoteza wakati. Lakini wakati ule ule mnaposalimiana ndipo wanawake wanapanda juu, mtungi unafunikwa, na chungu kinaepuliwa. Mzee Kombo alisema hajapata kuona kifuniko cha chungu kizuri kama salamu ndefu.

Ukishaingia, hesabu vyombo kwa sauti mbele ya mwenyewe, na kabla ya kutoka hesabu tena. Hilo nililiongeza mimi, baada ya kusingiziwa sinia. Nyumba moja nilihesabu madele, yale mabirika ya shaba ya kahawa, matatu wakati wa kuingia na manne wakati wa kutoka. Mpaka leo sijui lile la nne lilitoka wapi, lakini mwenye nyumba hakulalamika, na mimi sikulifuata.

Sasa, dawa. Zamani tulikuwa na dawa ya kijani ya kutia kwenye madimbwi kuua viluwiluwi vya mbu. Ile kila mtu alijua ni sumu. Mzee Kombo aliishika kama mtu aliyepewa nyoka wa jirani amshikilie kidogo. Ilikaa kwenye sanduku la kufuli, na akishaitumia alioga, akatoka, akajinusa, akarudi kuoga tena. Kwa kuwa tuliiogopa, haikumdhuru mtu yeyote ninayemjua.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha ikaja nyeupe. Ilikuja kwenye mapipa, laini kama unga wa sembe, haina harufu ya kutisha. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu kuliko ngazi ya Mji wa Kale, kwa hivyo sote tukaiita kwa herufi zake tatu, diditi. Vijana, sijapata kuona kitu kipendwe vile! Ukipuliza ukuta leo, kesho mbu wako chini, kunguni wako chini, mende wamelala chali miguu juu kama watu waliokula biriani. Watu waliokuwa wakitufungia milango sasa walitutumia watoto kutuita. Kuna bwana mmoja aliyelala usingizi mzima mara ya kwanza tangu aoe, akatuletea halua. Tukaila na mikono ile ile.

Mwanzoni, hata hivyo, watu walikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa la haki. "Kama yaua mende, mbona isituue sisi?" Mzee Kombo hakuwa na jawabu la kitabuni, lakini alikuwa na ulimi. Alichovya kidole kwenye pipa, akakilamba mbele ya baraza nzima, akamung'unya, akasema, "Yahitaji chumvi."

Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuuliza tena. Kila mtaa, kabla ya bomba kufunguliwa, Mzee Kombo alilamba. Ukawa ni mtindo. Wakawa wanamngojea kama wanavyongojea ngoma. Mimi nikaona tumepata mtu wa maana, maana kidole kimoja kilitufungulia milango mingi kuliko barua za wakubwa.

Katika waliosimama kumtazama akilamba alikuwako Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mjane wa Kibokoni, mwenye ghala la papa na ng'onda, samaki wakavu, chini ya nyumba yake. Mdomo wake ulijulikana mpaka Liwatoni, ambako wavuvi walipunguza bei wakimwona tu anakuja, ili wasimsikie. Msimu ule alikuwa amenunua papa wengi kuliko kawaida yake, kwa sababu alipata mnunuzi wa mashamba ya mkonge ya bara, anayelisha watu wengi. Ili apate mtaji alikuwa ameweka rehani bangili za dhahabu za binti yake, Salma, aliyekuwa karibu kuolewa. Mpango ulikuwa mwepesi: magunia yapakiwe kwenye lori la bara pale Mwembe Tayari siku ya Alhamisi, malipo yarudi, bangili zirudi, Salma aolewe. Papa wakikwama, vyote vinakwama.

Nao papa wakaanza kuingiwa na vidudu. Mnavijua, vile vyeusi vidogo vinavyotafuna papa mkavu mpaka anabaki unga na harufu. Bi Zuhura alijaribu jua, akajaribu chumvi, akajaribu kuvitukana. Halafu akakumbuka kidole cha Mzee Kombo. Dukani kwa Bhai Rajabali, hatua chache kutoka kwake, kulikuwa na makopo ya diditi yaliyobaki ya jeshi, yakiuzwa kwa kibaba pamoja na bizari na sabuni. Akanunua. Akaingia ghalani, akainyunyiza kwa mkono, gunia baada ya gunia, kama anayetia sukari.

Vidudu vikafa. Bi Zuhura akafurahi. Akafagia vipande vilivyodondoka, akawamwagia paka wa uchochoroni, sadaka.

Tuliitwa kwa ajili ya paka. Nilipofika na Mzee Kombo, wawili walikuwa wamekwisha kufa, na wa tatu anatetemeka pale kizingitini kama mtu mwenye homa ya mbu. Jogoo wa jirani, aliyeazimwa kutoka Likoni kwa ajili ya kupandisha kuku, naye alikuwa chini; yeye alikula vile vidudu vilivyodondoka. Mzee Kombo akamtazama yule paka muda mrefu. Akauliza, "Bi Zuhura, hawa wamekula nini?"

"Papa wangu. Wamekula vizuri kuliko wewe."

"Papa gani?"

"Wale niliowatia ile dawa yako unayoilamba."

Mzee Kombo alitoa leso, akajifuta ulimi. Wallahi, ulimi.

Tukamleta daktari wetu. Alikuwa Mgoa, asili yake Bara Hindi, kijana bado, mwembamba, Kiswahili chake kizuri ila alikisema polepole kana kwamba anakipima uzito. Akaingia ghalani, akanusa, akashika kipande cha papa, vidole vikatoka vyeupe. Bi Zuhura akasimama mlangoni, kanga kiunoni, tayari kwa vita. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na jina la kujua kupatana bei, nikatiwa katikati.

"Daktari," akasema Bi Zuhura, "nambia upesi, lori ni kesho kutwa. Papa hawa wana sumu au hawana?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Na kusoma kote huko?"

"Najua inaua mbu. Najua imewaua paka hawa, au nadhani. Mtu akila kidogo kwa siku nyingi, hilo bado halijulikani vizuri. Dawa yenyewe ni mpya."

"Paka wa Kibokoni hufa kila msimu! Mwaka jana walikufa bila diditi."

"Huenda," akasema daktari. "Ndiyo maana nasema nadhani."

Bi Zuhura akanigeukia. "Hamisi, huyu ndiye daktari mliyeniletea? Kila nikimshika atoka!"

Nikasema, "Bi Zuhura, ngoja. Daktari, kuna bei yoyote unayoijua? Tuanzie hapo, kisha tupande au tushuke."

Akacheka kidogo. Akasema, bei anayoijua ni ya panya. Panya wamelishwa wakapimwa, na inajulikana ni kiasi gani kinamuua panya. Mtu ni mzito kuliko panya, kwa hivyo unakipandisha kiasi hicho kwa uzito wa mtu.

"Haya, ndiyo hiyo basi," akasema Bi Zuhura. "Twende kazini."

"La. Hatujui nani mgumu, mtu au panya. Labda mtu ni dhaifu zaidi. Kwa hivyo tunagawanya kwa kumi."

"Mwanamume wa Mombasa awe dhaifu mara kumi kuliko panya? Labda wa kwenu huko!"

"Kisha," akaendelea daktari, asitikisike, "watu si sawa. Yuko mzee, yuko mja mzito, yuko mtoto anayenyonya. Tunagawanya kwa kumi tena."

"Kumi juu ya kumi! Astaghfirullahi. Hata Bhai Rajabali hapunguzi hivyo mwisho wa mwezi. Kwa nini kumi? Kwa nini si tatu?"

Hapo nikamtazama daktari kwa hamu, maana hata mimi nilitaka kujua. Akasema, "Kwa sababu tuna vidole kumi, mama. Sina sababu nyingine. Nikijua zaidi, nitapunguza."

Nawaambia, vijana, pale ndipo nilipompenda. Nimepatana bei na watu wa kila namna, na wote hukuambia bei yao imeshuka na mvua. Yeye alikiri ameibuni, na akaeleza kwa nini. Nikamwambia Bi Zuhura, "Huyu hakupunji. Mtu asiyejua mzigo una nini ndani hutoa bei ndogo. Hata wewe Liwatoni, ukiuziwa samaki ndani ya kapu lililofungwa, utatoa bei ya samaki wazuri?"

"Natoa nusu."

"Basi yeye katoa fungu la mia. Ni mwoga kuliko wewe, lakini njia ni moja."

Akaguna. Nikaona amelegea kidogo, nikaona pia ana jingine. Nalo lilikuwa hili: hata tukikubaliana ni kiasi gani cha diditi kinafaa, je, papa wake wana kiasi gani?

Daktari akauliza, "Ulitia kiasi gani, mama?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Kwa kila gunia?"

"Gunia jingine mkono wangu ulikuwa umechoka."

Daktari akakaa juu ya kiroba. Kipande kimoja kilikuwa cheupe kama mwashi atokaye kazini, cha pili kimepakwa, cha tatu hakina kitu. Magunia ya upande wa mlango, ambayo Bi Zuhura aliyafunga kabla ya kununua dawa, hayakuguswa. Hayo tuliyafungua tukayakagua, nikayakagua tena, tukayaweka nje. Yaliyobaki yalikuwa sita, na humo ndani kila papa alikuwa na mambo yake.

"Tuwaoshe," akasema Bi Zuhura.

"Haitoki kwa maji," daktari akajibu. "Haipendi maji. Inapenda mafuta."

Bi Zuhura akasema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Na papa hupikwa kwa tui."

Hilo la tui daktari alikuwa hajalifikiria. Nikaona amelichukua, akaliweka mahali.

Hata hivyo tuliosha kipande kimoja, ili pasiwe na lawama. Tukakisugua kwa mchanga, tukakianika juani mpaka kikakauka. Daktari akaomba chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akatia kipande humo, akaniambia nitafute nzi. Pale ghalani nzi hawatafutwi. Tukawafungia humo na kukaa barazani tukinywa kahawa ya tangawizi. Kabla ya adhana ya adhuhuri nzi walikuwa wamelala chini ya chupa, wote, wengine wakizunguka kwa mgongo.

Daktari akamwonyesha Bi Zuhura chupa.

"Nimeona," akasema Bi Zuhura. "Lakini mimi siuzii nzi."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Daktari naye akacheka, na katika kucheka akakubali: kweli, nzi wamekufa, na hilo halimwambii lolote la hakika juu ya mtu wa mkonge. Linamwambia tu kwamba dawa bado iko.

Hapo Mzee Kombo, ambaye muda wote alikuwa ameinama kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini, akasimama. "Kosa limetoka kinywani mwangu," akasema, "na jawabu litoke humo humo. Nipikieni kipande. Kwa tui. Nitakula mbele yenu. Nikiwa mzima kesho, lori liende."

Bi Zuhura akaingia jikoni hapo hapo, nikasikia mbuzi ya nazi inavutwa. Daktari akamwita arudi.

"Mzee," akasema, "ukila, kesho ukaamka mzima, mimi nitakuwa nimejua nini? Nitakuwa nimejua kwamba Mzee Kombo hakufa Jumatano. Basi. Sitajua habari ya mtoto wa bara anayekula papa huyu kila siku mpaka gunia liishe. Sitajua habari yako wewe mwenyewe baada ya miaka kumi. Umeilamba mitaa mingapi?"

"Yote," akasema Mzee Kombo kwa sauti ndogo.

"Na uko mzima. Nafurahi. Lakini watu waliokuona walifikiri wameona ushahidi."

Mzee Kombo akakaa. Nami nikaona tumefika mahali ambapo bei haipandi wala haishuki. Mnapajua pale, kila mtu ameshasema neno lake la mwisho mara tatu. Upande mmoja watu wasiojulikana majina, huko bara, ambao huenda wangeumwa na huenda wasingeumwa. Upande wa pili Salma, aliyekuwa ghorofani akisikiliza dirishani, na bangili zake zilizokuwa kwa mtu mwingine. Salma tulimwona kwa macho. Wale wengine hatukuwaona, na asiyeonekana hana wa kumtetea barazani.

Bi Zuhura ndiye aliyelikata. Akamsogelea daktari, akaacha ile sauti yake ya sokoni. "Mwanangu, mamako yu hai?"

"Yu hai."

"Ungempa papa huyu?"

Daktari akayatazama magunia tuliyoyaweka nje. "Mama yangu," akasema, "ningempa wa yale magunia ya mlangoni."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sijui kama huyu angemdhuru. Lakini mradi wapo wengine, ningempa wale."

Bi Zuhura akashusha pumzi. "Hilo ndilo neno. Ungelianza nalo, tusingelisumbua nzi." Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani, "Salma! Teremka usaidie. Tunatoa magunia sita."

Magunia ya mlangoni yalikwenda Mwembe Tayari Alhamisi, na mimi nikampatia Bi Zuhura nafasi ya bure kwenye lori kwa kumkumbusha dereva mambo fulani ya nyumba yake na kunguni. Bhai Rajabali naye nilimtembelea. Sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba mtu anayepima sumu kwa kibaba cha bizari atakosa wateja wa bizari siku watakapojua. Akaacha kuuza diditi, akamtumia Bi Zuhura gunia la mchele la harusi, akidai ni kwa ajili ya ujirani.

Yale sita tuliyachoma jaani kwa mafuta ya taa. Papa mkavu akichomwa, jamani! Mji mzima ulisikia njaa siku ile. Watu walitokeza madirishani kuuliza nani anapika. Tulisimama upande unaotoka upepo, kwa sababu ya macho tu. Kama moshi ule ulikuwa na dhara lake, hilo nalo hatukulijua, wala hatukuwa na panya wa kumuuliza.

Bangili zilichelewa kurudi. Salma aliolewa bila dhahabu mikononi, lakini alipakwa hina mpaka kwenye viwiko, maua juu ya maua, mpaka watu wakasema ni mtindo mpya kutoka Lamu. Msimu uliofuata mabibi harusi watatu wa Kibokoni waliiga.

Mzee Kombo hakulamba tena. Kwa muda watu walimwonea. "Leo huna njaa, mzee?" waliuliza barazani. Yeye akatunga maneno mapya, akayasema kila mlango, mkono kifuani: "Hii inaua mbu. Mbu anaua watoto, hilo tunalijua. Kwenu nyinyi wenyewe haijulikani vizuri. Kwa hivyo funikeni chungu, funikeni mtungi, watoto wakae nje mpaka kuta zikauke." Mimi nilidhani tutafungiwa milango kama zamani. Wachache walitufungia, kweli. Wengi walifungua, na vyungu vikafunikwa bila ya sisi kungoja salamu ziishe, ingawa tulizimaliza vilevile.

Basi hilo ndilo la kazi ninaloweza kuwapa. Siku hizi nasikia juu ya ile dawa habari za kila namna. Huyu anasema ilituokoa na homa, na hilo nililiona kwa macho yangu. Kuna nyumba tulizozoea kupeleka rambirambi kila masika, zikaacha kutuita. Yule anasema inakaa mwilini haitoki. Mimi niliibeba mgongoni miaka, nikarudi nyumbani mweupe mpaka mke wangu akawa ananivua nguo uani kama mtoto aliyecheza tope, na bado naugua goti tu, ambalo naliweka kwenye hesabu ya ngazi. Lakini mimi ni mtu mmoja, kama Mzee Kombo alivyokuwa mtu mmoja. Msinihesabu mara mbili. Mkiulizwa na watu jambo msilolijua, semeni hamlijui, kisha, msiondoke, semeni wenyewe mngefanyaje.

Sasa lililonifanya niandike. Bi Zuhura yu hai. Ni kikongwe, haoni vizuri, lakini mdomo Mungu amemwachia wote. Na ana kesi nami. Kila Idi nikienda kumwamkia, huniketisha na kuniuliza jambo lile lile. Kabla ya kuja kwetu, yeye na nyumba yake nzima walikuwa wamekwisha kula papa wa yale magunia sita, kwa tui, si mara moja. Yeye amezeeka. Salma ana wajukuu. Hakuna aliyeumwa.

"Sasa nambia, Hamisi," alisema Idi hii iliyopita, wajukuu wamejaa chumbani wakisikiliza. "Papa wangu walikuwa na nini?"

"Huenda walikuwa na dhara, Bi Zuhura. Tuliwazuia."

"Mlizuia nini? Nionyeshe kilichozuiwa."

"Kilichozuiwa hakionekani. Ndiyo maana ya kuzuiwa."

"Yaani mlichoma magunia sita kwa sababu ya kitu kisichoonekana, na ushahidi wenu ni kwamba hakikuonekana?"

Wajukuu wakapiga makofi. Nikamwambia alikubali mwenyewe siku ile. Akasema alimkubalia daktari kwa ajili ya mama yake, si kwa ajili ya dawa, na mimi nisichanganye. Kisha akanipa muda: Idi ijayo nimletee jawabu, au nimletee papa. Magunia sita, wa Shihiri, na anataka kuwakagua kwa mkono.

Nimelipindua jambo hili kila upande. Nikimwambia tulikuwa sawa, sina cha kumwonyesha. Nikimwambia tulikosea, nitakuwa nasema nisilolijua, na ningefanya vilevile kesho asubuhi. Nyinyi mmesoma, mna maabara, mna panya wa kutosha. Nishaurini: nimpelekee neno gani mama yule, ambalo ni kweli na ambalo atalikubali? Na ikiwa hamna neno, basi ni nani kati yenu ana jamaa anayeuza papa kwa bei ya nafuu, wakavu, wasiotiwa kitu chochote? Mnijibu mapema. Mtu akijua nina haraka, ataniuzia ghali.